Kilwa kwa Baiskeli: Uliza Maji Kwanza

Ukitaka kuizunguka Kilwa kwa baiskeli ya umeme, ukiwa na kijana wa hapohapo anayekuongoza na kukuonyesha pa kula, anza kwa kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Bei, basi na nyumba ya kulala vitafuata. Wageni wengi hufika Masoko na ratiba waliyoipangia Dar es Salaam au Dodoma: saa tatu kuvuka, saa saba kula, saa tisa kurudi. Pwani ya Lindi haiendi hivyo. Maji ndiyo yanayoamua mashua itatia nanga wapi, baiskeli itabebwa umbali gani mchangani, na jioni utauziwa pweza wa leo au wa juzi.

Kilwa ziko tatu, na asiyezijua huzichanganya. Kilwa Kisiwani ndiyo mji wa kale, wenye magofu ambayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa huko mwaka 2014. Kilwa Masoko iko bara, ng'ambo ya mlango wa bahari wenye upana wa kama kilomita mbili. Ndiyo makao ya wilaya na ndiko utakakolala. Kilwa Kivinje iko kaskazini, karibu kilomita 30 kwa barabara, mji wa misafara ya karne ya 19 na wa utawala wa Wajerumani. Kila moja ipe siku yake. Anayejaribu kuzimaliza zote kwa siku moja hurudi na picha tu, njaa ikiwa palepale.

Sasa maji. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, pwani yetu hujaa maji alfajiri na tena alasiri, saa kumi hivi, na hupwa sana katikati ya asubuhi, saa nne au saa tano. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kwa mwenye baiskeli maana yake ni hii. Ukivuka kwenda Kisiwani saa nne asubuhi ya bamvua, chombo kitasimama mbali, nawe utashuka na kuibeba baiskeli begani, miguu ikizama kwenye mchanga uliolowa. Ya umeme ina uzito wa kilo ishirini na zaidi. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Asubuhi ya maji mafu chombo husogea karibu, na mnashuka bila mateso.

Lakini bamvua hiyohiyo ndiyo neema ya tumbo. Maji yakipwa sana miamba hutoka nje, na wanawake na vijana huingia na vijiti vyao kutafuta pweza. Kwa hiyo jioni za bamvua ndizo za kula pweza aliyetolewa asubuhi yake. Ushauri wangu kwa mwenye siku nne au tano ni kuzipanga kuanzia maji mafu na kuelekea bamvua: siku za mwanzo vuka kisiwani, siku za mwisho ubaki bara, uende Kivinje mchana na kumla pweza usiku. Kalenda yenye tarehe za mwezi unayo nyumbani, kwa sababu ndiyo hiyo tunayofungia Ramadhani.

Kuhusu baiskeli yenyewe, usiifanye kuwa sharti. Kilwa ni nchi tambarare kiasi, na baiskeli ya kawaida, fonikisi ya kukodi kwa fundi wa Masoko, imewafikisha watu mbali miaka mingi. Faida ya mota ni kwa wazee wetu, kwa mwenye magoti mabovu, kwa wapenzi wawili ambao mmoja ana nguvu na mwingine hana, na kwa kila mtu pale jua la saa sita linapokuta njia bado ndefu. Teknolojia hii si ya mbali tena. Jinja, Uganda, shirika la FABIO limekuwa likisambaza baiskeli za umeme zilizoundwa kwa barabara zetu, zenye kiti cha mzigo kilicho imara na tairi nene. Ukipata ya namna hiyo, ichukue. Ukipewa ile nyembamba ya mjini yenye tairi laini, iache. Mchanga wa Kisiwani utaishinda.

Betri ya kawaida ya baiskeli hizi ina wati-saa 400 hadi 500. Kuijaza yote ni kama nusu yuniti ya LUKU, kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni hana sababu ya kukulipisha pesa nyingi, lakini muombe kabla ya kuchomeka. Ikijaa, kwenye lami na kwa msaada wa wastani wa mota, itakufikisha kilomita 50 hadi 70. Kwenye mchanga au ukikabiliana na upepo, kata theluthi nzima. Usiijaze ikiwa bado ya moto kutoka juani. Iache kivulini hadi ipoe. Usiiache juani juu ya mashua. Baiskeli ikirushiwa maji ya bahari, ioshe kwa maji baridi ya ndoo na kitambaa, bila mpira wa presha, kisha pangusa sehemu za kuunganishia umeme na utie mafuta cheni jioni ileile. Chumvi haisubiri kesho.

Wanaokuja kwa ndege ndogo wajue jambo hili mapema: betri inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria, na betri ya baiskeli huzidi hapo mara mbili au tatu. Ije kwa barabara, au ukodi hukohuko. Na kwa barabara yenyewe, angalia majira. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Miezi ya kuja ni kuanzia Juni hadi Oktoba.

Kabla ya kuvuka pitia ofisi ya magofu hapo Masoko. Magofu yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Unalipia kibali, unapewa risiti, na unaweza kupewa mwongozaji. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni. Nauli ya chombo patana na nahodha mwenyewe, kwenda na kurudi, na mwambie tangu mwanzo kwamba kuna baiskeli ngapi. Betri ing'oe, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, uipakate. Baiskeli ilazwe juu ya viti, upande wa cheni ukiangalia juu.

Kumchagua mwongozaji kunahitaji maswali mawili au matatu, na usione haya kuyauliza. Muulize juu ya Gereza, lile jengo la ngome linalokupokea ufukweni. Asemaye tu kwamba ni la Wareno amejifunza nusu. Wareno walijenga ngome hapo walipoiteka Kilwa mwaka 1505, wakaihama baada ya miaka michache, na jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, karibu mwaka 1800. Muulize sarafu za Kilwa zimeokotwa wapi. Akikutajia Zimbabwe Kuu, na visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia ambako mwanajeshi mmoja aliziokota mwaka 1944, umepata mtu. Akikujibu pia kwamba bibi yake anauza vitumbua karibu na soko, mlipe kabla hajachukuliwa na mwingine.

Kisiwani, endesha taratibu sana. Njia ni za miguu, zinapita kati ya nyumba za watu, na watoto hutoka mbio bila kuangalia kwa sababu hawana mazoea ya magari. Baiskeli ya umeme haina mlio. Piga kengele mapema, na ukimkuta mzee shuka umwamkie ukiwa chini. "Shikamoo mzee" ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha baiskeli haipokewi vizuri. Kutoka Gereza hadi Msikiti Mkuu ni karibu, hapafai hata kuwasha mota. Msikiti huo ulianza kama karne ya 11 na ukapanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa nguzo na kuba. Iache baiskeli nje kabisa, isimame kwa mguu wake. Usiiegemeze ukutani hata kwa dakika moja. Kuta zile ni matumbawe yaliyochongwa na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayohayo; sogea uangalie jiwe kwa karibu na utaona mistari yake bado iko, ile mikunjo ya kiumbe aliyekuwa hai baharini. Usukani wa chuma ukiukwaruza ukuta huo, hakuna fundi wa kuurudisha ulivyokuwa.

Njia inayofaa baiskeli ni ile ya kwenda Husuni Kubwa, mashariki, juu ya jabali linaloangalia bahari. Hapo ndipo mota inapolipa gharama yake, maana mchanga wa njiani ni mzito na kivuli ni cha kuhesabu. Punguza upepo wa tairi kidogo kabla ya kuanza, na ubebe pampu ya kuurudisha. Husuni Kubwa ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane linaloelekea baharini. Kaa ukingoni mwa birika hilo, usikimbie. Ni sultani huyuhuyu aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Msafiri yule aliandika kuwa Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri kabisa, na akasimulia jinsi maskini mmoja kutoka Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa mwilini, naye akaenda kuzivua akampa. Mwongozaji mzuri atakusimulia habari hiyo mkiwa mmekaa hapo, si kwa haraka mkiwa mlangoni.

Songo Mnara usiende na baiskeli. Ni safari ya chombo, kuna mikoko na kutembea majini, na magofu yake hayataki magurudumu.

Chakula sasa, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wageni wanapokosa kilicho bora wakakimbilia chipsi.

Asubuhi ya Masoko huanza kabla ya saa moja. Tafuta moshi wa kuni na chuma chenye vishimo vya duara: huyo ni mama wa vitumbua. Angalia anavyomimina. Uji wa mchele uliosagwa na tui, umeumuka usiku kucha, una harufu ya iliki. Anautia kwa upawa, anasubiri kingo zianze kujikunja na kuwa rangi ya asali, halafu anakigeuza kwa kijiti kimoja chembamba bila kukivunja. Kile cha kwanza kutoka kwenye mafuta mapya ndicho chako. Kula vitatu na chai ya rangi ya tangawizi, na ufunge vingine vitatu kwenye karatasi kwa ajili ya njiani, kwa sababu kwa mpanda baiskeli hakuna chakula kinachobebeka kama hicho. Mikate ya kumimina, maandazi na mihogo ya kuchemsha kwa nazi nayo ipo. Supu ni nzuri, ila inywe nusu bakuli kama una safari ndefu.

Kisiwani usitegemee safu ya vibanda. Chakula cha huko hupikwa nyumbani na kwa kuagizwa. Mwambie mwongozaji siku moja kabla, aongee na mama mmoja kijijini, na utaje idadi ya watu kwa uhakika: wali wa nazi, samaki wa mchuzi, mboga ya kisamvu au mchicha. Peleka nusu ya malipo mapema, kwa kuwa yeye ndiye anayenunua samaki na nazi. Maji ya kunywa beba yako ya kutosha, lita mbili au tatu kwa mtu. Madafu agiza, kijana atapanda. Kula kwa mkono, nawa kwa zamu, na mwongozaji na nahodha wawe kwenye sinia moja nanyi. Kumweka mtu aliyekuvusha nje akusubiri wakati wewe unakula samaki ni utovu wa adabu.

Jioni, Masoko, ndiyo zamu ya pweza. Meza ndogo, kibatari au taa ya sola, sufuria ya supu pembeni, na kisu kinachokatakata mikono ya pweza kwa kasi. Mnunue kwa kipande, mchovye kwenye ukwaju wenye pilipili, na uombe supu yake kwenye kikombe. Pweza wa leo ngozi yake imeshika nyama na harufu yake ni ya bahari tu. Wa juzi ngozi humchubuka, na harufu hupanda puani kabla hujafika mezani. Na jambo moja la wajibu: kanuni za uvuvi za nchi hii zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Ukiona mezani vimikono vyembamba kama kalamu, usinunue, na mwambie muuzaji kwa upole kwa nini. Pweza hukua upesi sana. Aliyeachwa leo ni mkubwa baada ya miezi michache, na wa kumvua atakuwa mama yuleyule.

Vitu vya ukanda huu ambavyo hutavipata kirahisi Dar es Salaam visikupite. Ming'oko, ile mizizi mirefu ya porini inayochemshwa na kuuzwa kwa fungu vituo vya mabasi vya Lindi na Mtwara. Imenye, chovya kwenye chumvi na pilipili. Kashata za ufuta, kwa kuwa Lindi ni nchi ya ufuta. Korosho za kubanguliwa kwa mkono, nunua kwa aliyezibangua. Kuanzia Oktoba kuna mabibo. Yale tafuna papohapo, na uangalie shati lako, maji yake hayatoki. Ukiwa njiani na basi likasimama Somanga, samaki wa kukaanga wa pale ana sifa yake, mchague aliyetoka kwenye karai mbele ya macho yako.

Ramadhani ni habari nyingine. Mchana vibanda vimefungwa, na kula hadharani ukiwa juu ya baiskeli ni kuwakosea watu nyumbani kwao. Lakini futari ya pwani hii, yenye magimbi, mihogo, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga, ni sababu tosha ya kuja mwezi huo, mradi safari za baiskeli zifanyike asubuhi mapema na ziwe fupi.

Safari ya Kivinje ndiyo inayoitendea haki betri, na ndiyo inayowakwamisha wengi. Kivinje iko kaskazini. Majira ya kusi, upepo unatoka kusini na kukusukuma mgongoni unapokwenda; unafika kwa furaha, betri imebaki zaidi ya nusu, unadhani una akiba. Kurudi unaukabili upepo uleule, nao alasiri huwa umeongezeka nguvu. Nusu ya betri haitoshi. Nenda kwa msaada mdogo kabisa wa mota, au zima kabisa pale upepo unapokubeba, uitunze nguvu ya betri kwa ajili ya kurudi. Chaja ibebe, na ujaze saa mbili Kivinje wakati mnakula. Ondoka Masoko saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Barabara ni ya lami, ila kazi ya bandari ya uvuvi, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2023, imeleta malori. Kaa kushoto kabisa, vaa kizibao kinachong'aa, mwongozaji mmoja mbele na mwingine nyuma kama mko wengi. Kofia ngumu ni lazima. Mwongozaji asiyekuwa nayo mwenyewe hajui kazi yake.

Kivinje penyewe, weka baiskeli kwa mtu mnayemwamini sokoni, mtembee. Kuna boma la Wajerumani, milango ya kuchongwa, nyumba za ghorofa ambazo miti imeota kutani. Huu ulikuwa mji wa kutolea watumwa, na ulikuwa mji wa ukaidi pia. Mwaka 1888 wenyeji waliwaua hapa mawakala wawili wa kampuni ya Kijerumani. Hassan bin Omari Makunganya alipigana na Wajerumani na akanyongwa mwaka 1895. Jina la Mwembe Kinyonga, palipokuwa na mwembe wa kunyongea watu, linakumbusha miaka hiyo. Na ni milima ya Wamatumbi, ndani ya wilaya hii, ndiyo iliyowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Hapo Kivinje msipige picha za kuchekacheka. Muulizeni mzee mmoja akupeni habari, mumlipe kahawa na kashata, msikilize mpaka amalize.

Ukiendelea hadi Lindi mjini, siku moja inatosha: mwambao wa asubuhi, soko la samaki, kuvuka kwenda Kitunda na baiskeli ndani ya chombo. Tendaguru, walikochimbua mijusi wakubwa wa kale kati ya 1909 na 1913 na kupeleka mifupa Berlin, si ya baiskeli, tafuta gari.

Malipo yafanye kwa uwazi. Kubaliana na mwongozaji bei ya siku nzima, chakula chake kikiwa juu yako, na usimruhusu akate asilimia kwa mama wa vitumbua. Pesa ya chakula mpe mpishi mkononi mwake. Kwa vijana wa Kilwa wanaowaza kuifanya biashara hii, ningesema anzeni na baiskeli mbili za umeme na nne za kawaida, fundi mmoja wa kudumu, na orodha ya akina mama kumi wanaopika kwa usafi, kisha mkubaliane nao bei moja kwa mwenyeji na mgeni. Na wewe unayesoma, kabla hujakata tiketi, fungua kalenda uhesabu siku za mwezi, umpigie simu mtu wa Masoko, umwulize maji, kisha umwambie awahi kumpa taarifa mama wa kisiwani kwamba mtakuwa wangapi.